Mtutu Nilioununua na Gololi Nilizozisahau Stoo

Mhasibu alikuwa amesimama mbele ya mbuyu, hatua ishirini kutoka nilipochuchumaa, amenipa mgongo. Hakuniona. Upepo wa Julai ulikuwa umetulia kidogo, jambo ambalo kwa Dodoma ni kama kuokota pesa njiani. Nikashusha pumzi, nikalenga katikati ya mgongo, nikafyatua.

Ikapita kushoto.

Ya pili ikapaa. Ya tatu ikapiga gome karibu na kiuno chake. Nikaanza kufyatua kwa hasira, na hasira haijawahi kumsaidia mlengaji yeyote. Nilipofika ya kumi na moja, mbuyu ulikuwa umejaa madoa ya manjano kuzunguka umbo lake lote: begani, pajani, na moja juu kabisa ya kichwa kama kilemba. Yeye mwenyewe msafi kabisa.

Akageuka, akanipiga moja tu. Kifuani.

"Kaka," akasema huku akicheka ndani ya kinyago, "ulikuwa unanipiga au unanichora?"

Kuna aliyeipiga picha ile michoro ya mbuyu. Hadi leo ndiyo picha ya kundi letu la WhatsApp.

Mshitakiwa wa kwanza

Kwa wasiotujua: sisi ni watumishi kumi na kitu wa ofisi mbalimbali kule Mtumba, Mji wa Serikali hapa Dodoma. Jumamosi mbili kwa mwezi tunacheza peintiboli, mchezo wa kulengana kwa vidonge vya rangi vinavyorushwa na bunduki za hewa, kwenye shamba la mwenzetu njia ya Hombolo. Uwanja wenyewe ni magunia ya mchanga, matairi ya lori, mibuyu miwili na vumbi la kutosha kijiji kizima. Bunduki tunaziita bunduki tu, na risasi zake tunaziita gololi. Tukitaka kusafirisha bunduki tunazifunga soksi mdomoni na kuziweka kwenye begi, maana hutaki kumweleza askari wa barabarani habari za mchezo saa kumi na mbili asubuhi.

Usiku ule wa mbuyu sikulala vizuri. Mtu mzima, mwenye watoto wawili, nimelala chali nikihesabu risasi kumi na moja.

Ningeweza kuilaumu mikono yangu. Ningeweza kuulaumu upepo. Nikaulaumu mtutu. Nadhani sababu ni moja tu: mtutu unanunulika.

Nilivyogeuka profesa wa mitutu

Wiki mbili zilizofuata nilisoma kuhusu mitutu kuliko nilivyosoma kwa ajili ya mtihani wowote. Nitawaambia niliyoyapata bila kuzunguka, kwa sababu yana ukweli, hata kama mimi niliyatumia vibaya.

Gololi ya peintiboli inaitwa ya kipenyo cha inchi 0.68, yaani milimita 17.3 hivi. Hilo ni jina tu. Gololi halisi hucheza juu na chini ya hapo, na mtutu nao una kipenyo chake cha ndani. Mtutu uliokuja na bunduki yangu una inchi 0.690, mpana, kwa sababu kiwanda kinataka upokee gololi ya aina yoyote bila kuipasua. Gololi ikiwa ndogo kuliko mtutu, hewa hupenya pembeni yake, na hewa iliyopenya haikusukuma kitu. Leo inapenya nyingi, kesho kidogo, na kila gololi inatoka na kasi yake.

Kasi ni jambo kubwa. Viwanja vingi duniani haviruhusu zaidi ya futi 300 kwa sekunde, kama mita 91. Sisi tunafunga kwenye mita 85. Tuseme gololi moja imetoka na mita 85 na ya pili 90. Zikifika mita 30 mbele, hata ukisahau upinzani wa hewa, ile ya kwanza imeshuka sentimita 6 au 7 zaidi ya mwenzake. Ongeza hewa inavyozikamata na tofauti inakua. Umelenga kifua, umepiga mkanda.

Kuhusu urefu, nilidhani mtutu mrefu ndio unaolenga, kwa sababu kila mtu anadhani hivyo. Sivyo. Gololi hupata karibu kasi yake yote ndani ya inchi nane za mwanzo hivi. Zinazobaki hupunguza kelele na kukuwezesha kusukuma gunia bila kutoa kichwa, ila ukizidisha urefu unalipa hewa zaidi kushinda msuguano. Matundu yale ya mbele nayo ni ya kutuliza sauti. Ndiyo maana wengi huishia inchi 12 hadi 14.

Na kwa nini usichongwe mifereji ya ndani kama bunduki ya kweli, gololi izunguke na kunyooka? Kwa sababu tumboni mwa gololi kuna kimiminika. Ganda likizunguka, maji ya ndani yanabaki nyuma, kama uji kwenye sufuria uliyoizungusha ghafla. Tena ni duara. Duara laini lisilozunguka vizuri huyumba hewani lenyewe, kama mpira wa adhabu uliopigwa bila kukatwa: kipa anauona unakwenda kulia, unaingia kushoto. Hakuna mtutu wa kuliondoa hilo lote.

Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma zaidi ya mara moja. Nikaipita.

Katika usomaji huo nilikutana na habari ya mchezo wa kwanza kabisa, 27 Juni 1981, huko Henniker, New Hampshire, Marekani. Watu 12 porini, wakitumia bunduki za Nelspot 007 zilizotengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe. (Mgogo mwenye chapa yake ya moto angecheka.) Aliyeshinda, Ritchie White, alizikusanya bendera zote bila kufyatua hata moja. Nilimtumia Mhasibu habari hiyo. Akajibu: "Huyo anafanana na mimi." Ni kweli. Yeye huwa anarudi na nusu ya gololi zake.

Uzi

Mtutu wa kwanza niliouagiza haukuingia.

Mitutu hufungwa kwa uzi kama nati na bolti, na bunduki za makampuni tofauti zina nyuzi tofauti. Nilimtajia muuzaji jina la bunduki yangu, akaniambia "unaingia zote, boss". Ukisikia mtu anakuambia kitu chochote kinaingia zote, weka simu chini. Wiki tatu za kurudisha na kubembelezana, na nauli sikurudishiwa. Basi, yaishe.

Jumamosi mbili za raha

Wa pili ulifika kwa basi kutoka Dar: inchi 14, mweusi, unang'aa, ukiwa na mirija minne ya kubadilisha ndani, ya inchi 0.680, 0.684, 0.688 na 0.692. Laki tatu na ushee, na mama watoto anaijua nusu ya bei hiyo. Mama Junia, ukiisoma hii, tutaongea.

Kipimo chake ni rahisi. Unachukua gololi, unaiweka kwenye mrija ambao haujafungwa kwenye bunduki. Ikiteleza na kutoka yenyewe, mrija ni mpana. Ikikwama hata ukipuliza, mrija ni mwembamba. Ikikaa, kisha ukipuliza kwa pumzi ya kawaida ikatoka, hapo ndipo. Kwangu ilikaa kwenye 0.684, na nikaona kazi imekwisha.

Jumamosi ya kwanza nilitoa watu sita. Ya pili, watano, na mmoja wao alikuwa Mhasibu, bega la kulia, hatua ishirini na tano. Nilisikia raha ya kijinga kabisa.

Jioni ile nikaandika kwenye kundi ujumbe mrefu kama waraka wa serikali. Kwamba tatizo letu wote ni mitutu ya kiwandani. Kwamba nimejaribu, nimethibitisha. Vijana wawili, mmoja wa masijala na mmoja wa TEHAMA, wakaniomba namba ya muuzaji. Nikawapa. Nikawasaidia mpaka na kuchagua.

Shikilieni hapo.

Ya tatu

Jumamosi ya tatu, mtutu uleule, mrija uleule, mikono ileile. Gololi ya kwanza ikapotelea kichakani. Ya nne ikapasukia ndani, na rangi ikiingia ndani ya mtutu, kila inayofuata inatoka imelowa na inapinda inakotaka. Nikasafisha kwa kifutio, nikaendelea. Ikapasuka nyingine. Nilimaliza siku nikiwa nimemtoa mtu mmoja, tena kwa sababu alijikwaa akaangukia miguuni kwangu.

"Profesa," akasema yule wa TEHAMA, "mtutu umechoka?"

Alikuwa anatania, lakini alikuwa ameshalipa.

Mtutu wa chuma hauchoki kwa Jumamosi mbili. Nililirudia hilo kichwani wiki nzima, kwenye vikao, kwenye foleni ya kantini. Kama mtutu haukubadilika na mimi sikubadilika, ni nini kilichobadilika? Ilinichukua siku nyingi kuliko inavyopendeza kukiri. Katoni.

Mtutu na katoni mpya ya gololi vilikuja kwenye mzigo mmoja. Zile Jumamosi mbili nilikuwa napiga gololi mbichi. Ya tatu nilipiga zilizobaki, zilizokaa karibu mwezi mzima stoo, mfuko wazi, chini ya bati, mwezi wa nane.

Kizota

Sikutaka kuamini kichwa changu tena, kwa hiyo nikazifunga gololi za zamani kwenye mfuko mmoja, na katoni mpya nikaifungua na kutoa chache kwenye mfuko wa pili. Nikaenda Kizota kwa fundi mmoja mwenye mashine ya kukereza vyuma, anayechonga bushi za matrekta na vipuri vya pampu za maji.

"Mbukwa," akanisalimu. Nikajibu nilivyojaliwa. Kigogo changu kinaishia kwenye salamu.

Nikamweleza. Hakucheka, nikamshukuru. Akafuta mikono, akatoa venia yake, kile kipimo cha kupimia unene, kwenye kisanduku cha mbao na kuipima gololi ya kwanza, mpya. Milimita 17.4. Akaigeuza, akapima upande wa pili. 17.3. Akachukua nyingine, hivyohivyo, tofauti ya nywele.

Akahamia mfuko wa zamani. 17.3. Akageuza. 17.0.

Akainyanyua kwenye mwanga wa mlango. "Hii si gololi, mzee. Hii ni yai."

Akanionyesha mstari wa kiungo ambapo nusu mbili za ganda hukutana, na upande mmoja uliobonyea kwa kulaliwa na wenzake. Ganda la gololi hizi ni jelatini, ndugu wa ganda la kapsuli ya mafuta ya samaki. Jelatini hunywa unyevu wa hewa na huutoa. Sehemu yenye unyevu mwingi, gololi huvimba na kulainika. Sehemu kavu husinyaa, hukakamaa, na kuwa nyepesi kupasuka. Ikipata joto huku imelalia upande mmoja, hubonyea na kubaki hivyo. Kumbe hata Dar gololi zangu zilikuwa zinakaa wazi kwenye veranda, ila bahari ilikuwa inazilainisha. Nilihamia huku na tabia zangu za pwani, na Dodoma haina bahari. Ina upepo unaopasua midomo, na mvua isiyoonekana kuanzia Mei hadi Novemba.

"Sasa huu mtutu," fundi akasema, akiuzungusha mkononi, akachungulia ndani kama anaangalia darubini, "umechongwa vizuri. Sina la kusema. Ila hata nikukerezee wa dhahabu, yai litatoka kama yai."

Akakataa hela. Nikamnunulia soda.

Kiroba cha sembe

Ningeweza kuishia hapo, lakini nilikuwa nimeshawaaminisha watu kwa Jumamosi mbili tu, na sikutaka kuwapotosha mara ya pili kwa venia moja. Jumapili nikaenda shambani peke yangu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Nikaning'iniza kiroba kitupu cha sembe, nikachora duara la sahani kubwa, nikarudi hatua ishirini. Bunduki nikailaza juu ya mfuko wa mchanga ili mikono yangu isiwe sehemu ya kesi. Kinyago usoni, ingawa hakuna mtu. Nikapiga kumi kumi.

Gololi mpya na mtutu mpya: nane ndani ya sahani.

Gololi mpya na mtutu wa zamani: saba.

Nikakaa chini kidogo.

Gololi za zamani na mtutu mpya: tatu, na moja ikapasukia ndani. Gololi za zamani na mtutu wa zamani: tatu.

Kumi kumi si kitu mbele ya mtakwimu, na ofisini tunao wanaoweza kunifunga kwa hesabu hizi. Lakini sikuhitaji mtakwimu kuona kilichokuwa mbele yangu. Laki tatu yangu ilikuwa imeninunulia gololi moja katika kumi, labda. Mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri ungeninunulia nne au tano.

Kisha nikafanya ujanja wa mwisho. Nikaweka mrija mwembamba kabisa, wa 0.680, nikisema gololi zimesinyaa basi nizifuate zilikokwenda. Zikakaa vizuri kwenye kipimo cha kupuliza. Katika kumi, mbili zikapasuka ndani, na baada ya hapo kiroba kikawa kama kimemwagiwa haradali. Kumbe kusinyaa na kukakamaa huja pamoja. Gololi kavu inataka mrija mwembamba kwa ukubwa wake, na inataka mpana kwa udhaifu wake. Huwezi kuipa vyote.

Hapo ndipo nilipoacha kubishana.

Mtutu una kazi yake

Nisije nikaonekana namtukana aliyenunua. Na gololi mbichi, mirija ile ina faida, na faida yenyewe sikuitarajia: hewa. Mtutu ukiifuata gololi, hewa haipotei pembeni. Kwa mtungi mmoja sasa napata gololi nyingi zaidi kuliko zamani, na kwetu, ambako kompresa ya mwenye shamba ni moja na inajaza taratibu kama mwanamke anayechota maji kwenye kisima cha Agosti, hilo si dogo. Kelele pia imepungua.

Ila sasa napima kila asubuhi ya mchezo, gololi tano au sita kutoka mfuko ninaoutumia siku hiyo, si mara moja na kusahau. Nikisita kati ya mirija miwili, kwa kiangazi hiki naenda na mpana. Na gololi zimehama stoo. Zinakaa ndani ya nyumba, chumba chenye ubaridi, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, mfuko umefungwa, na kila nikipita naigeuza ndoo. Mtoto wangu mdogo anadhani kuna mnyama ndani.

Kuna mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: jelatini hiyo ni ya mnyama gani? Hutengenezwa kwa ngozi na mifupa, ya ng'ombe au ya nguruwe, na boksi letu halisemi. Tangu hapo yeye huvaa glavu. Sikuona sababu ya kumcheka.

Ijumaa, stendi

Mizigo ya wale vijana wawili ilifika Ijumaa. Nilikuwa nimewaambia mapema kwa maandishi, kwenye kundi lilelile na kwa urefu uleule, kwamba nilikosea, na matokeo ya kiroba nikayabandika. Yule wa masijala akaweka kidole gumba. Yule wa TEHAMA hakuandika kitu, na kimya chake ndicho kilichonisumbua hadi nikaanza kuandika makala hii.

Nikaenda kuwachukulia mizigo mwenyewe. Njiani nikapitia Sabasaba, nikanunua ndoo mbili zenye mifuniko.

Wa TEHAMA alinipokea getini. Akalikata boksi kwa funguo, akautoa mtutu, akauelekeza juani na kuchungulia ndani, kama fundi wa Kizota alivyofanya.

"Mzuri," akasema.

"Mzuri," nikakubali.

"Kwa hiyo ningeweza kununua ndoo tu."

"Ungeweza."

Nikampa ndoo yake. Akaushika mfuniko, akaubana, akaubandua, akaubana tena. Kisha akaniuliza kama nimebakiwa na zile gololi kavu.

Ninazo kama mia tatu. Nilikuwa nataka kuzitupa.

"Usitupe," akasema. "Kesho wewe utapiga na hizo."